Tuendelee Mbele, Mwalimu

Ninyi mnaosoma kidato cha tano na cha sita siku hizi mna neema msiyoiona kwa sababu mmeikalia: kiti. Mna kiti, meza, ubao, na mwalimu aliyesoma kuliko ninyi. Enzi za kazi yangu, Kiingereza cha kidato cha sita katika visiwa vya Lamu kilikuwa ndani ya debe la samli, na debe lenyewe lilikuwa begani mwangu.

Nina miaka arobaini na saba. Wenzangu wa umri huu ndio kwanza wanapewa ofisi zenye zulia. Mimi nimestaafu zamani, kwa kuwa chuo kilichoniajiri kilifungwa na sikupata chuo kingine kilichohitaji mtu wa kubeba debe. Tangu hapo nimeuza vitambaa Malindi, nimelinda ghala Mombasa, nimekaa Voi miezi saba kwa sababu ambayo siikumbuki. Kila ninapotia mkoba chini, moyo hurudi Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kwenye nyumba ya fundi mmoja wa vitanda. Basi niwasimulieni kabla sijaubeba tena.

Kazi ilikuwa hivi. Miaka ile, uhuru ukiwa bado mchanga, aliyemaliza kidato cha nne Mombasa akarudi visiwani hakuwa na pa kuendelea. Akitaka zaidi alisoma kwa posta. Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa kikituma masomo katika bahasha, mwanafunzi akisoma, akijibu, akirudisha. Lakini bahasha zilikuwa na tabia ya kufika Lamu zikaishia Lamu. Chuo kikatafuta mtu wa kuzipokea na kuzifikisha mkononi kwa mwanafunzi, na papo hapo amweleze asipoelewa. Tangazo lilitaka mtu mwenye cheti cha kidato cha sita. Mimi mzaliwa wa Pate nilikuwa na cha nne, na nilijua kuogelea. Aliyeomba nilikuwa peke yangu.

Chuo kiliniruhusu nisome masomo yale yale bila malipo, ili siku ya mtihani nikae pamoja na wanafunzi wangu. Kwa hiyo kati yangu na wao ilikuwapo tofauti ya safari moja ya mashua. Somo nililisoma nikiwa njiani, nikashuka, nikalifundisha. Bahari ikiwa shwari, nilifundisha vizuri sana. Ikichafuka, wanafunzi walipata nusu somo.

Mbinu ya kwanza ya kazi hii, kama yupo kati yenu atakayeifanya, ni kuhifadhi karatasi. Mwanzo nilizifunga kwa kitambaa. Wimbi moja pale Mtangawanda, gati ya kisiwa chetu cha Pate, likalichukua somo la nne na kulirudisha limelainika kama mkate wa kumimina. Nilizianika kurasa gatini, kila moja na jiwe lake, nikageuka kumjibu mtu salamu. Mbuzi akala ukurasa wa kuandika aya. Mpaka leo siko imara katika aya, mtaona wenyewe.

Ndipo nikapata debe la samli lenye kifuniko cha kubana. Nililisugua kwa majivu na ndimu mara nne. Maji hayakuingia tena, lakini harufu haikutoka. Kule Ndau nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Machakos, aliyekuwa akisomea Kiingereza ili ahamishwe. Aliinusa bahasha ya kwanza akaniuliza kwa upole mbona Kiingereza cha pwani kinamtia njaa. Na Langoni mnajua paka walivyo wengi. Nilikuwa nikipita na debe langu, paka kumi nyuma, wamepanga mstari kama watu wa harusi. Watoto waliniita Bwana Harusi.

Mbinu ya pili: usitaje nambari ya somo. Mimi nililisahau somo la tisa ndani ya mashua, likaenda zake Kizingitini, nami nikafundisha la kumi mahali pa la tisa. La tisa liliporudi nikalifundisha kama la kumi. Hakuna aliyejua, isipokuwa mmoja, na huyo nilikuja kujua baadaye kwamba alijua.

Mbinu ya tatu ni jibu la mwalimu asiyejua. Mwanafunzi akiuliza jambo lililokushinda, unasema, "Swali zuri. Tutalifikia." Nililisema hilo visiwa vyote.

Sasa nije kwa huyo mmoja. Jina lake nimwite Rukia. Alisoma Mombasa kwa jamaa zake hadi kidato cha nne, akarudi kwa baba yake, Bwana Athman, fundi seremala, ambaye karakana yake ilikuwa chini na nyumba juu. Shule ya wasichana mjini ilikuwa inatafuta mwalimu wa kike wa madarasa ya juu, na ofisi ya elimu ilikwisha kusema kwamba Rukia akifaulu Kiingereza cha kidato cha sita kazi ni yake. Bwana Athman alikubali kwa neno moja alilolisema huku akipiga randa: mtihani mmoja, nafasi moja. Asipoupita, au asipoufanya, habari ya shule iishe, na ajibiwe posa yake binamu wa Malindi ambaye alikwisha kuleta halwa na kanga. Rukia hakuwa na ugomvi na binamu. Aliniambia siku moja kwamba ila yake ni moja tu, kwamba hajapata kumsikia akimaliza sentensi.

Kwa ada ya nyumba ile, msichana aliyekua haonwi na mwanamume asiye wake. Basi palitundikwa pazia jekundu zito ukumbini. Mimi nilikaa kwenye kigoda upande huu, Rukia upande ule. Ncha ya pazia, mahali pa kuona kote kuwili, alikaa nyanya yake, Bi Mwanaesha, akishona kofia. Siku ya kwanza alinipa mkono akanitaka niahidi kwamba macho yangu hayatatafuta mwanya. Nikaahidi. Kisha akanitazama jinsi nilivyokaa, nikijigeuza huku na huku, maana mimi kukaa mahali pamoja ni adhabu tangu utotoni. Akamwambia mjukuu wake, nami nasikia:

"Mwalimu huyu ana maguu, makalio hana."

Huo ulikuwa ufupisho wa kwanza kuusikia katika nyumba ile, na mpaka leo sijausikia ulio bora kuliko huo.

Ufupisho, kwa msioujua, ni sehemu ya mtihani ambayo unapewa maelezo marefu, uyarudishe kwa theluthi moja ya maneno bila kupoteza maana. Lilikuwa ndilo donda langu. Nilipoanza, ufupisho wangu ulikuwa mrefu kuliko habari yenyewe. Mimi nimelelewa Pate, ambako mtu hawezi kueleza kwamba mbuzi amepotea kabla ya kuuliza hali ya wazee, ya watoto na ya huyo mbuzi alipokuwa mzima. Kukata maneno ya mtu niliona kama kumfungia mlango usoni.

Siku ya somo hilo kulikuwa na habari ya Mzungu mmoja aliyepanda mlima. Kurasa mbili. Rukia aliisoma kwa sauti, na bibi yake akamtaka amweleze kwa Kiswahili. Mimi na Rukia tukaanza kukata. Nilikata nusu saa, nikaongeza maneno kumi na mawili. Bi Mwanaesha akauma uzi akasema, "Alipanda, akaona baridi, akashuka. Mbona mwataabika?"

Tukahesabu. Hakukuwa na kilichopotea. Tangu siku hiyo kila ufupisho ulipita kwanza kwake. Rukia alimsomea Kiingereza, akamfasiria, bibi akakata, Rukia akaandika. Mimi niliandika pia, kwenye goti langu, kwa siri. Bibi alikuwa na maneno machache kwa kila kitu. Binamu wa Malindi alimwita "Mlango usiofungwa." Mimi nilikwisha kupata langu.

Rukia mwenyewe alisoma kama mtu aliyenyimwa chakula. Aliuliza maswali ambayo chuo cha Nairobi hakikuyafikiria. Mara nyingine nilikuwa na jibu, kwa kuwa bahari ilikuwa imetulia. Mara nyingi sikuwa nalo. Nikanyamaza, nikikuna sikio, nikitafuta pa kushika, na kabla sijasema kwamba swali lilikuwa zuri, sauti ikatoka nyuma ya pazia, taratibu, haina kejeli hata chembe:

"Tuendelee mbele, mwalimu."

Tukaendelea. Nilidhani ameelewa kwa kunyamaza kwangu. Nilirudi kwenye mashua nikijisifu kwamba wapo walimu ambao hata kimya chao kinafundisha.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mtihani ulipokaribia, fomu zikaja. Picha ya Rukia baba yake alikataa isipigwe, na chuo kikaandika kwamba hakuna neno, ataletewa fomu ya asiye na picha. Fomu ikafika. Mimi, niliyewaambia watu visiwa vitatu kwamba soma swali mara mbili kabla ya kujibu, niliitia debeni bila kuisoma hata mara moja.

Mtihani ulifanyiwa katika chumba cha ofisi ya serikali. Msimamizi alikuwa Bwana Musyoka, mtu wa Kitui, Mkristo mcha Mungu aliyeamini kwamba baada ya amri kumi zilifuata kanuni za mitihani. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Mezani alikuwa na kalamu tatu: ya kuandikia, ya kuandikia ile ikigoma, na ya tatu sikuiona ikiguswa.

Watahiniwa tulikuwa wanne. Mwalimu wa Ndau alikuwa amekwisha kukaa, karani mmoja wa forodha naye amekaa, nami nimesimama na penseli zangu. Kisha wakaingia wanawake watatu waliovaa buibui, nyuso zimefunikwa. Bi Mwanaesha hakukubali mjukuu wake aende peke yake mahali pa wanaume, na shangazi, Bi Maimuna, alikuja kwa kuwa hajapata kuona ofisi ya serikali kwa ndani.

Bwana Musyoka akatusomea kanuni zote, kuanzia ya kwanza. Ukurasa na nusu. Akamaliza, akaichukua fomu ya asiye na picha, akaniita.

"Wewe ndiye mwalimu wake. Tia sahihi hapa kwamba unamjua mtahiniwa huyu kwa sura. Jamaa zake hawaruhusiwi."

Ndipo nikaisoma fomu.

"Mwanafunzi wako ni yupi kati ya hawa?" akauliza.

Nikainua macho, nikaona buibui tatu zinazolingana urefu. Nikakumbuka ahadi, nikayashusha.

"Sijui, Bwana."

"Umemfundisha muda gani?"

"Miaka miwili."

"Na humjui?"

"Namjua sana. Sijamwona."

Bwana Musyoka akaiweka kalamu ya kwanza, akaichukua ya pili. Akasema, bila ukali, kwamba kila mtu anaweza kujitaja jina, na kwamba kazi ya fomu ni kuzuia mtu kumfanyia mwingine mtihani. Kama hakuna wa kumtambua Rukia, basi Rukia atasubiri mtihani ujao. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu, na mlango ungefungwa saa tatu na robo.

Mtihani ujao haukuwapo. Hilo tulilijua wote isipokuwa yeye. Nilimweleza habari ya Bwana Athman na neno lake moja, na habari ya halwa. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema kanuni haina kifungu cha halwa.

Nikamwomba jambo moja. Mwanafunzi wangu, nikasema, simjui kwa sura lakini namjua kwa ufupisho. Niruhusu nielekee ukutani, na kila mmoja wa hawa, bila kutaja jina, azifupishe kwa Kiingereza zile kanuni ulizotusomea. Nitamtambua katikati ya watu mia. Bwana Musyoka alifikiri. Nadhani alifurahi kwamba kumbe kuna mtu alizisikiliza. Akakubali.

Nikaelekea ukutani. Wa kwanza akasema kwa Kiswahili kwamba yeye hajui lolote, amefuata tu, na je, dari ile ni ya boriti za mkoko? Huyo alikuwa Bi Maimuna.

Wa pili akasema kwa Kiingereza kwamba mtu akae, anyamaze, asiibe, na wakati ukiisha aweke kalamu chini.

Ukurasa na nusu, vijana wangu. Hakikupotea kitu. Matamshi yale yale, pumzi pale pale, ile namna ya kuliangusha neno la mwisho kama mtu anayeweka kikombe kwenye sahani. Sikungoja wa tatu.

"Huyo!" nikasema. "Huyo ndiye Rukia. Naapa."

Nikamsikia Bwana Musyoka akivuta kiti nyuma.

"Mama," akasema, "tafadhali, una umri gani?"

"Siyui," ikajibu sauti ya Bi Mwanaesha. "Nimezika waume wawili."

Miaka miwili alikaa kwenye ncha ya pazia na sindano yake, na Kiingereza chote alichokisikia alikisikia kwa mjukuu wake. Kwa hiyo Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha Rukia, kama nguo ya kuazima. Hajapata kukisema mbele yangu kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Baadaye nilimlaumu, akaniambia, "Mulisema tufupishe. Nami nalikuwa papo."

Bwana Musyoka hakucheka. Alisema nimeapa mbele yake kwa mtahiniwa mwenye wajukuu. Alisema nafasi ya kutambua ni moja na nimeitumia. Nikaisikia kalamu ikigusa fomu. Saa tatu na dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeukabili ukuta, chokaa imenigusa pua. Nikaanza kukuna sikio.

Ndipo upande wa kushoto sauti ikasema kwa Kiswahili, taratibu, haina kejeli hata chembe:

"Tuendelee mbele, mwalimu."

"Huyo," nikasema. Safari hii sikupaza sauti.

"Umesema hivyo mara ya kwanza pia," akasema Bwana Musyoka. "Maneno hayo yana nini? Kila mtu anaweza kuyasema."

Nilikuwa na njia moja, nayo ilipita juu ya heshima yangu. Mwalimu wa Ndau alikuwa ameketi pale, na miaka miwili alikuwa ananiita mheshimiwa. Nikasema mbele ya wote kwamba hayo ndiyo maneno ambayo mwanafunzi wangu huyasema kila ninapokwama. Kwamba mimi hukwama mara nyingi. Kwamba mimi nina cheti cha kidato cha nne, masomo nayasomea ndani ya mashua, na bahari ikichafuka sifundishi ila nusu. Kwamba nilidhani ni adabu tu ya msichana aliyelelewa vizuri, na sasa hivi nikiwa hapa ukutani ndipo ninapojua kwamba alikuwa akiniokoa. Hakuna mwingine duniani ayajuaye maneno hayo yanavyosemwa, kwa sababu hakuna mwingine niliyekwama mbele yake mara nyingi hivyo.

Nyuma yangu mwalimu wa Ndau akakohoa kwa namna ambayo sikuipenda.

Bwana Musyoka akasema, "Mtu huweza kusema uongo wa kujisifu. Sijapata kumwona wa kusema uongo wa kujiaibisha." Nikaisikia kalamu ikikata neno, ikiandika lingine. Baadaye niliona: pale palipoandikwa kwamba namjua "kwa sura", alikuwa amefuta neno la mwisho, akaandika "sauti", akatia herufi zake pembeni. Akaniletea fomu ukutani, nikatia sahihi hapo hapo juu ya chokaa.

Bi Mwanaesha alitoa sharti la mwisho. Mjukuu wake hawezi kuandika amefunikwa uso kwa muda wa saa tatu nzima, basi wanaume watatu wageuze meza zao. Bwana Musyoka alipekua kanuni, hakukuta kifungu kinachosema mtahiniwa aelekee wapi. Tukaufanya mtihani wa kidato cha sita tukiutazama ukuta, na Rukia nyuma yetu na uso wake wazi, msimamizi peke yake akimwona, maana huyo bibi alimhesabu kuwa ni serikali. Bibi alikaa nje mlangoni na kofia yake. Shangazi aliendelea kutazama boriti.

Katika insha kulikuwa na mada kadhaa. Mimi nilichagua ya safari. Nilianza vizuri kabisa, nikaondoka Mtangawanda asubuhi nikielekea Ndau. Nikamkumbuka yule mbuzi, nikamweka. Nikapita Faza kumsalimu mjomba. Nilijaza kurasa nane, na Bwana Musyoka aliposema tuweke kalamu chini, nilikuwa bado sijafika Ndau.

Majibu yalikuja baada ya miezi mingi, ndani ya debe lile lile, kwa mashua ile ile. Nilifungua la kwangu nikiwa gatini. Sikupita. Mwalimu wa Ndau alipita, akahamishwa, akaniandikia barua moja iliyojaa shukrani na swali kuhusu bei ya samli. Bahasha ya Rukia sikuifungua. Niliichukua mpaka Langoni, paka wakinifuata. Nikaingia ukumbini, nikakaa kwenye kigoda, nikaisukuma chini ya pazia.

Nikasikia karatasi ikichanika. Sindano ya Bi Mwanaesha ikasimama. Chini, kwa mara ya kwanza tangu niijue nyumba ile, randa ya Bwana Athman ikasimama nayo.

"Je?" akauliza bibi.

"Nimepita," akasema Rukia.

Randa ikaanza tena, upesi upesi, kama inayokimbizwa. Nilimsikia bibi akipuliza pumzi aliyokuwa ameishika tangu siku ya ofisi. Halwa ilirudi Malindi kwa mashua ya wiki ile, na inasemekana binamu alianza kueleza jinsi asivyoudhika, lakini hakumaliza.

"Na weye, mwalimu?" akauliza Rukia.

"Swali zuri," nikasema. "Tutalifikia."

Nikajua atakalosema, na nilikuwa tayari kulipokea, lakini halikuja. Badala yake akauliza kama ningependa kujua aliandika insha gani. Kulikuwa na mada inayosema ueleze mtu unayemjua vizuri. Alimwandika mwalimu wake.

Nikacheka. Nikamwambia hajapata kuniona.

"Nimeona maguu," akasema.

Nikatazama chini. Pazia lile, ambalo kwa ahadi yangu sikuwahi kulikazia macho, lilikuwa halifiki sakafuni. Lilibakisha shubiri nzima. Miaka miwili Rukia alikuwa akitazama ndara zangu, ya kushoto imefungwa kwa mshipi wa kuvulia, na vidole vyangu kumi. Aliandika, akaniambia, kwamba mwalimu wake akijua jibu miguu hutulia. Akijua nusu, ule wa kulia hutikisika. Asipojua kabisa, vidole vyote hujikunja kwa pamoja kama watoto waliosikia radi, na hapo mwanafunzi mwenye huruma hupaswa kusema tuendelee mbele. Aliandika pia kwamba siku ya somo la kumi lililokuwa la tisa, ndara zote mbili zilikuwa zimeelekea mlangoni.

Bi Mwanaesha akauma uzi. "Nilisema siku ya kwanza," akasema. "Maguu."

Rukia akajitolea kunifundisha ili nirudie mtihani. Pazia lingebaki, kigoda kingebaki, ila bahasha ingeanzia upande wake. Nilienda siku tatu. Alikuwa mwalimu kuliko mimi, hilo nililijua kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Lakini siku ya nne mashua ilikuwa inaondoka, na ninyi mmekwisha kuambiwa nilivyoumbwa. Cheti changu ni cha kidato cha nne mpaka leo. Kazi ya debe nilidumu nayo mpaka chuo kilipofungwa, na kutoka mwezi ule sikufundisha tena nimevaa ndara. Nilinunua viatu vya kufunga kamba. Jua la visiwani, viatu vile, miguu ilichemka kama mihogo, lakini siri yangu ilikaa ndani.

Mwaka jana nilipita Lamu, si kwa kazi, ni kupita tu. Ujia mmoja ulinipeleka chini ya dirisha la shule ya wasichana. Nikasikia sauti ikisoma Kiingereza, na neno la mwisho likiwekwa chini kama kikombe kwenye sahani. Nikasimama. Nikajikuta nimeelekea ukutani bila kuambiwa na mtu. Ndani, msichana mmoja aliuliza swali, refu, lenye pembe nyingi, la aina ile ambayo chuo cha Nairobi hakingelifikiria. Pakawa kimya. Kimya kikarefuka. Nikavihisi vidole vyangu vikijikunja ndani ya viatu.

"Swali zuri," akasema Bi Rukia. "Tutalifikia."

Nilijua zamu ni ya nani. Nikasema polepole, ukuta tu ukinisikia, "Tuendelee mbele, mwalimu." Nikaubeba mkoba wangu, nikaendelea.